Bi. Zuwena Shaaban na Mkaja wa Fundi Stanslaus

Tarehe 30 Juni 1988 Bi. Zuwena Shaaban, muuguzi mkunga wa zahanati ya Kiwanda cha Pamba Mwalukwi, atakabidhi ufunguo wa kabati la dawa na kuondoka kazini akiwa mstaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Miaka ya mwanzo aliitumikia hospitali ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Iliyobaki yote ametupa sisi, na kwa kadiri mtoa dawa wake anavyokumbuka, hajawahi kuchelewa kazini ila siku ile lori la wafanyakazi lilipokwama mtoni na yeye akiwa ndani yake.

Wengi wetu hatumwiti Bi. Zuwena. Tunamwita Mama Fikirini, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wale ambao ndimi zao zimekulia vijijini humwita Mama Fikilini. Zamani alikuwa akiwasahihisha, siku hizi anaitika tu. Kwa msomaji ambaye hajapata kumwona, ni mama mfupi, mwembamba kama mpini wa jembe, mwenye sauti kubwa kuliko kifua inakotoka. Hajanenepa hata siku moja, jambo ambalo halikumzuia kuwa mtaalamu wetu wa unene.

Alizaliwa Shinyanga mjini, mtaa wa wauza nguo. Baba yake alitokea Ujiji na vitambaa vyake, akaoa hapo, akakaa. Nyumbani alikuwako pia bibi yao mzaa mama, Bi. Mwaisha, aliyetoka pwani ya Bagamoyo na desturi zake zote zikiwa salama. Mojawapo ya desturi hizo ilikuwa mkaja. Mwanamke akijifungua, hukandwa kwa maji ya moto, kisha tumbo huzungushiwa kitambaa kirefu cha pamba na kukazwa, naye hukaa hivyo mpaka arubaini yake iishe. Zuwena alijifunza kufunga mkaja kabla hajajifunza kusoma. Alipochukuliwa na hospitali ya mgodi mwaka 1962, akasomeshwa ukunga, alijifunza mengi mapya, lakini mkaja hakuuacha mlangoni.

Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, watu walitawanyika. Wengine walibaki kuchimba kwa mikono yao, wengine walirudi kwenye ng'ombe. Yeye alipanda basi na sanduku la bati, akaja Mwalukwi, ambako zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda kimoja na mbuzi wa mlinzi. Mbuzi alitolewa siku hiyohiyo. Kitanda cha pili kilipatikana kwa sababu alikataa kuondoka ofisini kwa Meneja wa wakati huo mpaka kipatikane, na wodi ya wazazi tunayojivunia leo ilijengwa kwa njia kama hiyo.

Mafanikio yake hayahitaji kutiwa chumvi. Aliwazalisha wake za wafanyakazi, na baadaye binti zao. Alimzalisha Limi, kibarua wa kupanga pamba, juu ya lundo la pamba mbichi, kwa kuwa mtoto hakutaka kungoja kitanda. Kwa njia hiyo yupo hapa Mwalukwi kijana mmoja ambaye kitu cha kwanza kulalia duniani kilikuwa daraja la kwanza, safi, bila mbegu iliyooza.

Huyohuyo Limi ndiye aliyekuwa naye kwenye kile kisa cha kizuizi. Walikuwa wakirudi kutoka Kharumwa kumpeleka mtoto kwa babu zake, na barabarani mgambo walikuwa wakisaka dhahabu ya magendo. Mgambo mwanamke akampapasa Limi, akakuta kiuno kigumu kama gogo, akapiga filimbi. Bi. Zuwena hakubishana. Alimpeleka Limi nyuma ya kanga iliyoshikwa na abiria wawili, akampa mgambo ncha ya kitambaa aishike, akaanza kumzungusha mzazi taratibu. Mkaja ukatoka, ukatoka, ukafika mpaka kwenye tairi la nyuma la basi, na dhahabu haikuonekana. Ndipo alipomwambia mgambo, "Sasa nisaidie kuufunga tena, mwanangu, maana umenifungulia kazi." Mgambo alisaidia. Inasemekana mwaka uliofuata alikuja mwenyewe Mwalukwi kujifungulia.

Kufikia hapo kila kitu kilikuwa sawa. Mkaja ulikuwa wa wazazi na wazazi waliupenda, kwa sababu mgongo wa aliyejifungua jana hufurahia kushikwa. Shida ilianza wanaume walipouona.

Wakati huo ofisi zetu zilikuwa na vitambi kadhaa vya heshima. Mtu wa uhasibu alikuwa nacho, mtu wa mizani alikuwa nacho, na Meneja Msaidizi alikuwa nacho kinachomtangulia mlangoni. Mmoja wao, ambaye bado yupo kazini na kwa hiyo hatutamtaja, alimwuliza Bi. Zuwena kama kitambaa kinachorudisha tumbo la mama hakiwezi kurudisha na la baba. Bi. Zuwena alifikiri kidogo, akasema hakioni sababu ya kubagua.

Ndivyo ilivyoanza ile ambayo sisi wa zahanati tuliiita kliniki ya vitambi. Mafundisho yake yalikuwa mepesi, na ndiyo maana yalienea. Alisema mafuta yafuatwe pale yalipo. Aliye na tumbo, ashughulikie tumbo, aliye na kidevu cha pili, ashughulikie kidevu. Mgonjwa alisuguliwa tumbo kwa mafuta ya karafuu mpaka anukie kama pilau, akafungwa mkaja wa amerikani, kisha akalazwa chali juu ya robota la pamba na kuamriwa ainuke bila kutumia mikono. Miguu na mikono ilikatazwa kujisumbua, kwa kuwa haikuwa na kosa.

Na vitambi vilipungua, hilo lazima lisemwe. Vilipungua mwaka ule wa shida ya mafuta ya gari, baada ya vita, lori la wafanyakazi lilipokaa juu ya magogo na kila mtu akawa anakuja kazini kwa miguu kutoka makwao, wengine kutoka mbali, karibu na Mhunze. Sukari haikuwepo, nyama ilionekana siku za sikukuu. Mwalukwi nzima ilikonda, hata walinzi ambao hawakuwahi kufungwa chochote. Lakini mtu aliyevaa mkaja na kukonda huushukuru mkaja, na wale walinzi hakuna aliyewauliza.

Mtu mmoja tu alipinga. Daktari Zipora, aliyekuwa akija kutoka Shinyanga kukagua zahanati, alikuta mtu wa mizani amelala juu ya robota akihema. Aliuliza, akaelezwa, akamweleza Bi. Zuwena kwa upole kwamba mwili hauendi hivyo. Mtu akila kidogo na kufanya kazi nyingi, alisema, mwili hutoa akiba yake huku na huku kwa mpango wake wenyewe, na mara nyingi kwa mwanaume tumbo ndilo huachia mwisho. Kufanyia tumbo mazoezi kunakaza nyama zilizo chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayana habari. Bi. Zuwena alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Shikamoo ya elimu naitoa, daktari. Lakini wewe hujazaa bado." Daktari Zipora alitia saini karatasi ya ukaguzi akaondoka. Mambo yakaendelea kama yalivyokuwa hadi mwaka 1984, zamu ilipomfikia fundi Stanslaus.

Wageni wa kiwanda wanahitaji maelezo mafupi hapa. Pamba ikishachambuliwa hushindiliwa na mashine kubwa mpaka iwe robota. Chini ya mashine hiyo kuna shimo la saruji, na ndani ya shimo kuna bomba la mafuta linaloipa mashine nguvu. Kabla ya kila msimu, kiungo cha bomba hilo lazima kikazwe, la sivyo mafuta huvuja, mashine hulegea, na pamba ya wilaya nzima hulala uwanjani ikingoja mvua. Mlango wa shimo ni tundu la mraba lililoachwa kwenye saruji na waliojenga, ambao bila shaka walikuwa watu wembamba. Kulipanua haiwezekani kwa sababu saruji hiyohiyo ndiyo inayobeba mguu wa mashine.

Fundi Stanslaus ndiye aliyekuwa akiingia humo, msimu baada ya msimu, na hakuna mwingine aliyelijua lile shimo. Ni mtu wa mikono minene, mpole, mwenye kupenda chakula. Mkewe Mbuke anatoka Kharumwa, na ndugu wa Mbuke hawakumsahau binti yao: kila mavuno waliteremsha magunia ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, na ya karanga. Ukichemsha michembe na kuiponda na karanga, kisha ukampa mtu mpole aliye na nyumba yenye kivuli, matokeo yanajulikana. Mwaka 1983 Stanslaus alitoka shimoni akiwa amechubuka pande zote mbili. Baada ya Pasaka ya mwaka 1984 alijaribu kuingia kukagua, akaishia tumboni.

Msaidizi wake, Mihayo, mwembamba kama waya, ndiye aliyekuwa tumaini letu. Lakini Mihayo alisikia habari za Rwamgasa, kwamba watu wanapiga mwamba na kuamka matajiri, akaacha suruali yake ya kazi imening'inia msumarini akaenda kuchimba. Vibarua wengine waliletwa kwenye tundu, wakachungulia giza lile lenye harufu ya mafuta, wakakumbuka kwamba wana ng'ombe wa kuchunga nyumbani.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwita Stanslaus akamwambia ukweli: siku ya kufungua msimu fundi aingie shimoni kama kawaida yake. Akishindwa, ataletwa fundi mwingine kutoka nje, yeye atahamishiwa uwanjani kupanga marobota, na nyumba ya fundi itakaliwa na fundi. Nyumba ile Stanslaus alikuwa ameipanda miti mwenyewe, na watoto wake wote walizaliwa mikononi mwa Bi. Zuwena ndani ya chumba chake cha nyuma. Alitoka kwa Meneja akaja moja kwa moja zahanati. Hakukaa. Alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mimi tatizo langu ni tumbo tu. Mikono naitaka, miguu naitaka. Niondolee tumbo." Bi. Zuwena akamwambia akae, tumbo litaondoka.

Tangu hapo alimtendea kila alilolijua. Mkaja wake ulikatwa mrefu kuliko wa mtu yeyote tuliyewahi kumfunga, amerikani nzito ya kiwanda, na Mbuke alifundishwa kuukaza kila asubuhi kwa kumwekea mumewe goti mgongoni. Alilala chali juu ya robota akainuka, akalala akainuka. Michembe ilipigwa marufuku, ugali ukawa wa kuonja. Kwa kuwa alikatazwa kuchosha viungo visivyo na kosa, aliacha pia kubeba vyuma, na kazi nzito zikafanywa na wengine.

Stanslaus alikonda. Kwanza yalikwenda mashavu, akaanza kufanana na baba yake. Kisha shingo ikabaki inaelea kwenye kola. Halafu makalio, na suruali ikawa inashikiliwa na mkaja peke yake. Halafu ile mikono minene, mpaka spana kubwa ikawa inamtetemesha. Tumbo lilibaki. Lilipungua, tusiseme uongo, lakini lilipungua kama mtu anayeaga mlangoni na haendi. Mbuke alikuja zahanati akamwambia Bi. Zuwena, kwa adabu, huku akitazama chini, "Mama, mume wangu umenichukulia wote, umeniachia tumbo."

Sisi tuliokuwa tukifanya kazi naye tuliona Bi. Zuwena akianza kurudia vipimo. Alikuwa akimpima Stanslaus, anaikunja tepu, anaikunjua tena. Siku moja alimwuliza mtoa dawa wake, pasipo kumtazama, kama anakumbuka yule daktari alisemaje hasa.

Asubuhi ya kufungua msimu malori ya pamba kutoka vijijini yalikuwa yamepanga foleni hadi barabara kuu. Watu wa kiwanda walikusanyika kuizunguka mashine. Mbuke alisimama ukutani na watoto wake. Stanslaus alivua shati, mkaja ukiwa umekazwa mpaka macho yamemtoka kidogo, akaingiza miguu kwenye tundu, akashuka. Magoti yakapita, makalio yakapita bila kugusa, kisha tumbo likagota ukingoni. Alishusha pumzi akajaribu, akapandisha akajaribu, akageuka upande. Mara ya mwisho alikwama kweli, ikabidi wapakuzi wawili wamvute kwa kwapa. Alitoka na damu kiunoni. Hakuna aliyecheka, na Mwalukwi tunacheka kwa urahisi.

Meneja aliangalia malori, akamwangalia fundi. Akasema, "Stanslaus, pole. Kesho utaanza uwanjani." Mmoja wa watoto alimwuliza mama yake kama na miti itabaki.

Hapo ndipo Bi. Zuwena, aliyekuja na sanduku la huduma ya kwanza, aliliweka chini. Alimwomba Meneja ampe asubuhi ile moja. Meneja akamwuliza ya nini. Bi. Zuwena alimgeukia Stanslaus akamwuliza mle ndani kuna nini hasa. Stanslaus, akiwa bado anahema, akasema kuna nati moja kubwa ya kiungo cha bomba, nyuma, chini. Huwezi kuiona hata ukiwa na tochi, unaitafuta kwa vidole. "Basi," Bi. Zuwena akasema, "mimi ni mkunga. Kazi yangu yote naifanya kwa vidole."

Meneja alisema haiwezekani. Bi. Zuwena akasema kilichokuwa hakiwezekani ni tumbo la Stanslaus kupita, na hilo limeshajaribiwa. Alipotea nyuma ya stoo, akarudi amevaa suruali ya Mihayo iliyobaki msumarini, imekunjwa miguuni, ushungi umefungwa kisogoni. Kwa wakunga na kwa Waislamu wa mjini lilikuwa vazi geni. Wazee wawili wa mizani waliangalia pembeni kwa heshima, kisha wakaangalia tena kwa sababu walitaka kuona.

Stanslaus alimkataza asishuke hivihivi, maana shimo lina kingo na giza, na mtu akiteleza hana wa kumnyanyua. Kamba ilitafutwa, ikaonekana zote ziko kwenye malori zimefunga mizigo. Ndipo Mbuke alipomfungua mumewe mkaja. Ulizungushwa ukatoka, mrefu, umelowa jasho na damu kidogo, unanuka karafuu. Ncha moja alifungwa Bi. Zuwena kiunoni, ncha nyingine akaizungusha Stanslaus mkononi mwake. Mama Fikirini akasema Bismillahi, akaingia tunduni bila kugusa upande wowote.

Kwa muda kilichosikika ni sauti tu. Stanslaus alilala kifudifudi mdomo ukiwa kwenye tundu, akaelekeza. "Mayu, kushoto kwako kuna bomba dogo, liache. Shuka. Nyuma yake mkono unapita? Sasa juu kidogo." Chini akajibiwa, "Nimepata. Ina pembe. Ni baridi." Spana ikateremshwa. Tukasikia chuma kikigonga chuma, kikiteleza, kikigonga. Kisha ile sauti kubwa ikatoka shimoni ikiwa ndogo: "Stanslaus, inanishinda. Sina nguvu hizo."

Stanslaus alikaa kitako pale sakafuni. Aliiangalia mikono yake, ambayo miezi michache nyuma ingeikaza nati ile kwa mzaha. Kisha akainama tena kwenye tundu akasema, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia ya nyumbani: ajifungue mkaja kiunoni, aufunge kwenye mpini wa spana, mafundo mawili, aishikilie spana kwenye nati isitoke, basi. Yeye atavuta huku juu. Akampa ishara mpakuzi aliyetaka kumsaidia kwamba asiguse.

"Tayari," ikasemwa chini. Stanslaus aliuzungusha mkaja kiganjani, akaweka miguu yake pande mbili za tundu, akajilaza nyuma. Mikono haikuwa na nguvu. Alichokuwa nacho ni uzito, na uzito wote uliobaki ulikuwa tumboni. Akauachia wote. Kitambaa kilikakamaa, kikalia. Kutoka chini, kwa sauti ile aliyoitumia kwa wake zetu wote, Bi. Zuwena akaamrisha, "Vuta! Pumzika. Usivute mpaka nikuambie. Haya, vuta! Vuta, baba, inakuja!" Nati ikageuka. Ilisikika mpaka kwenye foleni ya malori, na nadhani hata dereva wa mwisho alijua kitu fulani kimekubali.

Alipotoka, uso mweusi kwa mafuta, Meneja aliwasha mashine. Robota la kwanza lilitoka limebana, kavu, bila tone. Meneja akazunguka mashine mara mbili, akajifuta miwani, akasema fundi ni yule anayejua nati iko wapi, na kwamba Stanslaus hahami. Mbuke alikaa chini palepale akalia kwa sauti, watoto nao wakaanza kulia bila kujua sababu. Bi. Zuwena alikwenda kunawa.

Wengine wangeishia hapo, wakabaki na sifa. Yeye aliomba nafasi kwenye mkutano wa wafanyakazi uliofuata. Tunayakumbuka maneno yake, kwa kuwa si kawaida katika mikutano yetu mtu kusimama na kujisema. Alisema, "Nimewafunga hapa miaka mingi. Mkaja unashika, unampa mzazi mgongo, na huo sitauacha. Lakini hauli mafuta. Nilimwambia Stanslaus litatoka tumbo tu. Nikamkondesha mikono aliyokuwa anaihitaji, nikamwachia tumbo. Karibu nimnyang'anye nyumba yake. Niliambiwa na aliyesoma, nikamjibu jeuri." Akakaa. Mtu wa mizani, aliyekuwa amevaa mkaja siku hiyo, alionekana akijikuna.

Wiki hiyohiyo alipanda basi kwenda Shinyanga, na kuku wawili, kumwomba radhi Daktari Zipora. Daktari, ambaye wakati huo alikuwa ameshazaa, alimpokea na mtoto mgongoni. Bi. Zuwena aliporudi alituambia walizungumza vizuri, na kwamba alimfunga daktari mkaja, wa mgongo tu.

Kliniki ya vitambi ilifungwa, marobota yakarudishwa stoo. Stanslaus aliagizwa atembee, abebe vyuma vyake kama zamani, alime bustani, na michembe iliruhusiwa kurudi mezani kwa ustaarabu. Hakuahidiwa chochote kuhusu tumbo. Mikono ilirudi kwanza. Tumbo lilikaa mpaka lilipochoka kukaa, likaanza kwenda polepole mwisho wa yote, na hakuna aliyejua lilianza siku gani. Msimu wa mwaka uliofuata aliingia tunduni mwenyewe. Juu, akiwa ameshika ncha ya ule mkaja uliofuliwa ukawa mweupe, alisimama Bi. Zuwena.

Hakuna aliyeagiza iwe hivyo, lakini tangu hapo imekuwa sheria ya kiwanda: hashuki mtu shimoni bila kufungwa, na bila mtu wa kumshikia ncha. Vibarua, wakijua kwamba yuko mtu juu, hawakumbuki tena ng'ombe. Hata Mihayo, aliyerudi kutoka Rwamgasa bila dhahabu, ila na kikohozi cha vumbi alichotibiwa na Bi. Zuwena huyohuyo, hushuka siku hizi. Katika mafanikio yote ya mstaafu wetu, sisi tunaliweka hili juu ya wodi, ingawa yeye mwenyewe angetaja wodi.

Kwa hulka yake Mama Fikirini hapendi kusifiwa akiwa anasikia, kwa hiyo tutafupisha. Tunakushukuru kwa watoto wetu, kwa migongo ya mama zao, kwa ukali wako kwenye usafi na kwa siku ile uliyosimama mkutanoni. Tulikupenda ulipokuwa na uhakika wa kila kitu, na tukakupenda zaidi baadaye. Nenda ukapumzike Shinyanga kwenye nyumba yako, wajukuu wakuchoshe kwa yale yanayochosha vizuri, na Mungu akuzidishie afya, kuanzia popote mwili wako utakapopenda kuanzia.

Limebaki jambo moja ambalo tumeombwa tulitie katika taarifa hii. Msimu unafunguliwa mwezi Julai, siku chache baada ya wewe kuondoka. Fundi Stanslaus amemwambia Meneja kwamba mkaja ameufua na kuukunja, na kwamba yeye yuko tayari kushuka, ila hatashuka ncha ikiwa imeshikwa na mwingine. Meneja ameshaagiza gari likufuate mapema asubuhi hiyo. Asante, mama; wabeja, mayu. Njoo ushike.

Sikujua Maganga
Mtoa dawa, Zahanati ya Kiwanda